Bakuli la Mfuniko wa Buluu

Nina wivu. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Wako wanawake wanaouficha wivu wao chini ya tabasamu. Wangu mimi uko sebuleni, na mgeni akija namkaribisha akae karibu nao.

Mume wangu ni fundi wa meza na viti katika karakana ya fanicha. Wenzake wanamwita Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki kiunoni hata akienda msibani. Mimi ni mpishi wa karakana hiyo hiyo, na pale jina langu ni Mama Upawa. Watu arobaini wanakula katika sufuria zangu saa sita na nusu, na sijawahi kuona sahani ikirudi na chakula. Siri yangu ni kuonja. Naonja mchuzi kwenye kiganja mara ishirini kwa siku, na sizimi moto mpaka chumvi iniitikie ulimini.

Tuna utaratibu wetu pale. Anayekuja na chakula cha nyumbani analiacha bakuli lake asubuhi kwenye rafu ya jikoni kwangu, limebandikwa jina, nami saa sita nayapanga yote kwenye sinia la maji moto yapate kupashika. Wanaoleta ni wachache: wenye vidonda vya tumbo, wabahili, na Mzee Msasa, mpiga vanishi, ambaye alianza kuleta bakuli la mfuniko wa buluu mwezi ule ule mume wangu alipoanza kunirudishia sahani.

Ndiyo, Futi alinirudishia sahani. Mwanamume aliyekula mkono wangu miaka kumi na moja, akifyonza mfupa mpaka unapiga mluzi, siku hiyo aligusa vijiko vitatu akasema ameshiba.

"Umeshiba nini?" nikamuuliza.

"Joto, mke wangu."

"Tangu lini joto likashibisha?"

Akacheka kidogo, akaenda zake. Nyumbani usiku ikawa hivyo hivyo: anachota pembeni, anasukuma sahani, anakunywa maji. Mimi si mtoto. Mume asiyekula kwako anakula kwingine.

Nikaanza kutazama. Dirisha la jiko langu linaelekea ngazi za nje za karakana, ngazi ishirini na mbili za kwenda ghorofani. Katikati pana kibaraza kidogo, na hapo ndipo penye mlango wa chumba cha cherehani cha Mama Mito. Huyo ndiye anayeshona foronya na vitambaa vya viti. Mjane wa miaka minne, mpole, sauti ya chini, na kucha zake ni safi hata siku ya kazi nyingi. Simpendi mtu mwenye kucha safi siku ya kazi nyingi.

Zamani Futi alizipanda ngazi zile na kiti kila bega, akiimba. Sasa akifika kwenye kile kibaraza anasimama. Anashika ubao wa ngazi, anainamisha kichwa upande wa mlango wa Mama Mito, na anakaa hapo. Nilipima muda wake kwa kitunguu. Siku ya kwanza nilimaliza kukatakata kitunguu kizima kabla hajasogea. Wiki iliyofuata vikawa vitunguu viwili, na machozi yangu yote hayakuwa ya vitunguu.

Kisha nikaliona lile bakuli. Mzee Msasa alikuwa dirishani kwangu akiomba nimwongezee mchuzi, na palepale, nyuma ya rundo la mbao, nikamwona mume wangu amekaa kwenye gogo, bakuli la mfuniko wa buluu mapajani. Alikuwa anakula polepole, bakuli lote, kama mtu aliye kwao.

"Mzee," nikasema, "bakuli lako umemwachia nani leo?"

Mzee Msasa akakohoa, akatazama sahani yake. "Mama Upawa, mimi ni mtu mzima. Msinitie kwenye yenu."

Jioni nilichelewa kuondoka kusudi. Nilimkuta Mama Mito bombani, anasugua kwa sabuni mfuniko wa buluu. Akanisalimu vizuri. Nikamwitikia vizuri zaidi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeuma mdomo mpaka umevimba.

Jumamosi nikifua nguo nikakuta mfukoni mwa shati lake kipande cha karatasi ya msasa. Nyuma yake, kwa penseli ya fundi, zilikuwa namba, kila moja na siku yake: 160×100. 154×96. 148×92. Mimi ni mke wa fundi. Namba za hivyo nazisoma kabla ya barua. Mia na sitini kwa mia ni meza ya kulia chakula, watu sita wanakaa bila kugongana viwiko. Na anayeagiza meza hiyo alikuwa hajaamua: leo hivi, keshokutwa aipunguze.

Sasa njoo uone meza yangu. Mguu mmoja umefungwa waya tangu kitinda mimba wetu hajaota meno, na leo hii meno yale ya utoto yameanza kung'oka. Chini ya mguu wa pili nimekunja boksi. Kila mwaka Futi anasema, "Mke wangu, mwaka huu." Halafu mwanamke mwenye kucha safi anapimiwa meza mara tatu!

Mtaniuliza kwa nini sikumwuliza. Nikimwuliza atajua nimeumia, na nikishajulikana nimeumia nitakuwa nimeshindwa. Mpishi hapigani kwa ngumi. Jumatatu ile, jiko likiwa tupu, niliteremsha bakuli la mfuniko wa buluu nikalifungua. Wali kidogo, maharage, mboga za majani nyingi, kipande cha samaki wa kuchemsha. Nikaonja kiganjani. Halikuwa na ladha yoyote! Niliingiwa na hasira mpya: kumbe nimeachwa kwa ajili ya chakula cha mgonjwa.

Nikayeyusha chumvi kwenye maji ya moto, kijiko kizima cha chai, nikamimina taratibu chini ya maharage. Chembe zingenisaliti, maji hayasemi. Juu ya mboga nikatia mafuta niliyokaangia nyama. Atatema leo, nikajiambia, na chakula cha huyo bibi hatakitamani tena.

Bakuli likarudi tupu. Limefutwa kwa mkate.

Kesho yake nikatia kijiko na nusu. Likarudi tupu. Nikatia viwili. Likarudi limekwanguliwa mpaka pembeni, na mimi nikakaa kwenye gunia la viazi nikalia. Anampenda kiasi hicho! Akimchemshia mawe atatafuna, na akimpa maji ya bahari atauliza kama yamebaki. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi niliendelea siku kumi na sita za kazi, kwa sababu wivu ukishazoea njia hauhitaji tena kusukumwa.

Na ishara nazo zikazidi. Futi akaanza kuvaa viatu bila kufunga kamba. Nikasema, anajilegeza kama kijana. Mikunjo ya soksi ikawa inamwachia mifereji miguuni mpaka asubuhi. Nikasema, anasimama sana huko ngazini. Akarudi nyumbani na mto mpya, mnene, mshono wa mkono ninaoujua.

"Mto wa nini?" nikauliza.

"Nalala vibaya. Nikiinua kichwa napata nafuu."

"Na kwetu mito hakuna?"

"Ipo, ila nilitaka wa tatu."

Wa tatu! Mwanamke ameshaingia mpaka kitandani kwangu, kichwa cha mume wangu kinamlalia usiku kucha, nami niko pembeni nasikiliza jinsi anavyohema. Nikapekua tena mfuko. Namba zilikuwa zimegeuka: 156×96. 164×100. 172×106. Meza inakua. Sasa wanataka ya watu wanane, nikasema, labda wanapanga na wageni.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nachambua maharage, jicho dirishani kama kawaida, Futi anapanda ngazi na fremu moja ya kiti. Moja tu, nyepesi. Hakufika kibarazani. Alikaa kwenye ngazi ya sita, fremu ikabingirika ikavunjika mguu, naye hakuitazama. Fundi asiyetazama kiti chake kikivunjika si mzima. Nilitoka mbio na upawa mkononi.

Alikuwa ameloa jasho na midomo imepauka. Anavuta pumzi na pumzi haiji, anakifuta kifua kwa kiganja kana kwamba kuna kitu kimemkalia pale. Mama Mito alikuwa ameshashuka kabla yangu. Alimfungua kola, akamketisha wima, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Gari! Leteni gari, ni moyo huo! Msimlaze!"

Tulimpakia kwenye gari la kupelekea fanicha, amekaa kwenye kiti cha mteja ambacho bado kimefungwa karatasi. Mama Mito akapanda. Nami nikapanda, nikahakikisha nimekaa katikati yao. Ndiyo, hata wakati ule.

Hospitalini walimwekea hewa, wakamchoma sindano ya kupunguza maji mwilini, na baada ya saa moja rangi ikaanza kumrudia. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na muda wa kupoteza. Alibonyeza mguu wa mume wangu kwa kidole, na shimo likabaki pale, halikurudi.

"Ana presha ya muda mrefu," akasema. "Moyo umesukuma dhidi yake mpaka umechoka, maji yamejaa miguuni na mapafuni. Anapima wapi?"

Mama Mito akachomoa mfukoni mwa shati lililotundikwa kile kipande cha msasa, akampa. "Duka la dawa la pale kona. Fundi huyu, daktari, anaandika kila kitu kama mbao."

Daktari akasoma kwa sauti. "Mia sitini kwa mia. Mia hamsini na nne. Mia arobaini na nane. Vizuri, ilikuwa inashuka. Halafu hapa inapanda. Mia hamsini na sita, sitini na nne, sabini na mbili."

Nilishika ukingo wa kitanda. Meza yangu ya watu sita ilikuwa damu ya mume wangu.

"Dawa anameza?"

"Anameza," akasema Mama Mito. "Anaziweka kwenye kopo la skrubu, nazihesabu naye."

"Na dalili hizi haziji siku moja," daktari akaendelea, sasa ananitazama mimi. "Kuchoka ngazini. Viatu kubana. Kulala na mito mingi. Nyumbani hakuna aliyeona?"

"Niliona," nikasema. "Niliona zote." Sikuongeza kwamba nilizihesabu kwa vitunguu.

"Chakula je? Nani anampikia?"

Mama Mito akainamisha kichwa, kisha akanigeukia mimi, si daktari. "Dada, nisamehe. Siku wauguzi walipokuja karakana kupima presha, wewe ulisema mbele ya watu wote kwamba presha ni ugonjwa wa wenye mawazo machafu. Yeye alipimwa siku ile. Na aliikumbuka siku Mzee Msasa alipokuambia mchuzi umekolea chumvi: ulimpa mifupa mwezi mzima. Alikuja kwangu kwa sababu marehemu wangu aliondoka kwa moyo, na miaka miwili nilimpikia bila chumvi. Nilimwambia, mficha maradhi kifo humuumbua, kamwambie mkeo. Kila siku akasema kesho. Na mimi nikaona haya kukuingilia."

Daktari hakuwa na haja ya historia yetu. "Kwa hiyo ni wewe unayempikia. Na unatia chumvi."

"Hata chembe, daktari."

"Mama, huu ni mwili uliojaa chumvi. Namba zinasema. Tarehe ishirini na tatu na kuendelea, kuna kitu kilibadilika kwenye chakula chake. Ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu, naapa."

"Wengi wanaapa," daktari akasema, naye akaandika.

Niwaambie ukweli wa dakika ile, maana nimeahidi kutoficha. Ilikuwa tamu. Mwanamke mwenye kucha safi amesimama mbele ya daktari kama mwizi, na mimi sijanyanyua kidole. Ningenyamaza, angeondoka pale na jina la mwanamke aliyetaka kumuua mume wa mtu, na asingekanyaga tena ngazi zile. Nilionja utamu huo mdomoni, nikautafuna.

"Au labda anasema kweli," daktari akajisemea. "Kama si chumvi, basi figo zina tatizo, au dawa hizi hazimfai. Nitampa kali zaidi, na tumpeleke vipimo vingine." Akageuza karatasi aanze upya.

Nikamtazama Futi. Alikuwa amefumba macho, ile hewa inapuliza puani, na utepe wa kupimia bado uko kiunoni. Wangemtafutia ugonjwa asio nao na kumnywesha dawa ya kosa lisilo lake.

"Ni mimi," nikasema.

Daktari hakuinua kichwa. "Ni wewe nini?"

"Chumvi ni mimi. Naiyeyusha, naimimina chini ya maharage. Na mafuta ya nyama juu. Nilianza Jumatatu hiyo ya tarehe ishirini na tatu. Kijiko, halafu kijiko na nusu, halafu viwili. Nilidhani anapewa chakula na mwanamke. Nilitaka kimshinde."

Muuguzi aliyekuwa anapanga sindano aliacha kupanga. Nikangoja Mama Mito anizabe kofi, na lingekuwa haki yangu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakunizaba. Alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa kwikwi.

Daktari akakunja ile karatasi ya dawa kali akaitupa. "Asante," akasema kwa ukavu. "Umeniokolea wiki mbili. Yeye nadhani umemwokolea zaidi. Sasa sikilizeni wote wawili," na akatueleza: chumvi kidogo kabisa, mafuta kidogo, mboga na matunda kwa wingi, maharage, samaki, kutembea taratibu kila siku akipata nafuu, kujipima uzito asubuhi, na kifua kikibana au pumzi ikikatika, hospitali mara moja, wasingoje kipoe.

Walipotoka nilibaki naye. Alifumbua macho.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Lakini nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza nilidhani Mama Mito kakosea. Siku ya pili nikajua ni wewe. Hakuna mkono mwingine unaokoleza hivyo." Akapumzika, akavuta hewa. "Wiki tano nilikuwa nakula chakula kisicho na mtu ndani yake. Nilipoonja ule mkono wako, nikasema leo tu. Kesho yake nikasema leo tu. Nilikuwa nafuta bakuli kwa mkate."

Nikakumbuka nilivyolia kwenye gunia la viazi. Yale mabakuli matupu niliyomwonea wivu mwanamke mwenzangu yalikuwa yangu. Mume wangu alikuwa ananipenda kwa kijiko, mchana baada ya mchana, na kila kijiko kilikuwa kinamzamisha. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. "Mpumbavu mkubwa."

"Tuko wawili," akasema.

Alilala hospitali siku tisa. Niliporudi jikoni nilijaribu kupika chakula chake peke yake, nikaonja, sikusikia kitu. Nikaongeza chembe, sikusikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulimi wangu umekufa zamani, kwa kuonja mara ishirini kila siku, na kwamba watu arobaini walikuwa wananifuata huko nilikofia. Mzee Msasa alikuwa amesema kweli, na nilimlipa mifupa.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu yeyote maishani. Nilipanda ngazi kumi na moja mpaka kibarazani, nikabisha mlango.

"Mama Mito," nikasema, "njoo unionjee."

Akashuka. Akanionyesha ndimu inavyoweza kufanya kazi ya chumvi, na kitunguu saumu, na tangawizi, na nyanya ikichemshwa mpaka ikolee yenyewe. Tangu siku ile, saa tano na nusu, mwanamke ninayemwonea wivu anasimama kwenye sufuria yangu, anaweka tone kiganjani, ananiambia imetosha au bado. Sasa namwonea wivu ulimi. Karakana walinung'unika wiki tatu, kisha wakazoea, na wawili kati yao wakaenda wenyewe kupimwa. Mzee Msasa nilimtilia mnofu.

Futi sasa anafanya kazi nusu siku. Hapandi ngazi na mizigo. Jumapili iliyopita alirudi kutoka duka la dawa, akakaa kwenye meza yetu ile yenye waya, ikayumba, akachukua penseli. Nilimwekea sahani, nikasimama nyuma yake nisome anachoandika, maana tabia yangu mnaijua. 132×84.

"Meza ndogo hiyo," nikamwambia.

Akaivuta sahani karibu. "Tunatosha."